"Nilikuwa Namtazama Yeye Kama Ameona": Kisa cha Gari la Ofisi Barabara ya Segera–Tanga

Kisa hiki ni cha ofisi moja ya mjini Tanga, gari moja, madereva wawili na muuza mkaa mmoja. Nimeondoa majina ya watu, jina la ofisi, kazi inayofanya na aina ya gari, na tarehe nimezilegeza kidogo ili mtu asitambulike. Yaliyobaki ni kama yalivyotokea, kwa kadiri nilivyoyapata kwa kukaa na kila mhusika peke yake, kulikagua gari na kupitia daftari la safari. Kazi yangu ni kufundisha madereva wa maofisi. Niliitwa wiki ya pili baada ya ajali. Nawaandikia maofisa usafirishaji, madereva na mafundi, maana magari ya namna hii, yanayosaidia kushika kasi na usukani yenyewe, yanashushwa bandarini kila meli ikitia nanga, na hakuna anayetukabidhi pamoja na ufunguo maelezo ya nini yanaweza na nini hayawezi.

Usuli

Ofisi ina wafanyakazi wasiofika 20. Kila baada ya wiki moja au mbili kuna safari ya Dar es Salaam: kupeleka nyaraka, kuchukua vifaa, kumpokea mgeni uwanja wa ndege. Ni takriban kilomita 350 kwenda, na kurudi hivyohivyo. Kwa miaka mingi walikuwa na desturi: ama waende madereva wawili warudi siku ileile wakipokezana usukani, ama aende mmoja alale huko. Haikuandikwa popote. Aliileta dereva mkubwa wa ofisi, mtu wa miaka hamsini na kitu, ambaye zamani aliendesha mabasi ya mikoani na amezika wenzake waliosinzia njiani. Nitamwita Mzee, kama ofisi nzima inavyomwita. Dereva wa pili nitamwita Kijana. Msimamizi wa utawala na fedha ni mama wa miaka arobaini hivi, nitamwita Meneja.

Mwaka 2023 ofisi ilinunua gari dogo la mwaka 2016 lililotumika Japani. Kama ilivyo kawaida ya magari hayo, redio haikushika stesheni zetu nyingi mpaka fundi alipoongeza kifaa cha masafa. Maandishi ya dashibodi yalikuwa ya Kijapani, na sauti ya mwanamke iliyotoa maneno marefu kila gari lilipowashwa ilikuwa ya Kijapani pia. Kitabu cha maelekezo kilikuwemo kwenye droo ya mbele, kinene, Kijapani kitupu. Juu ya kioo cha mbele, huku na huku ya kioo cha kutazamia nyuma, palikuwa na kamera mbili zinazotazama barabara.

Wiki ya kwanza, Kijana alibonyeza kitufe cha kwenye usukani akiwa anaelekea Pongwe. Gari likashika kasi lenyewe. Lilipofika nyuma ya lori likapunguza, lori lilipokata kona likaongeza. Kasi ilipovuka kilomita 65 kwa saa, usukani nao ukaanza kujisogeza kidogo kidogo kulibakiza gari kati ya mistari. Kijana alirudi ofisini akasema, "Hili gari lina jini." Jina likaganda. Tangu siku hiyo hata kwenye daftari la safari, mahali pa kuandika namba ya gari, utakuta pengine pameandikwa "Jini".

Naomba msomaji asilipite jina hilo haraka. Sisi watu wa pwani tunajua kwamba jini haji bure, huja na masharti. Usile hiki, usipite pale, usiku fulani usitoke. Anayemfuga asiyajue masharti yake ndiye anayeumia. Gari lile lilikuwa na masharti mengi, yote yameandikwa kitabuni, na hakuna hata mtu mmoja ofisini aliyeuliza.

Gari lenyewe, na lile ambalo Meneja alilipanda Marekani

Jumuiya ya wahandisi wa magari ya Marekani, inayojulikana kwa herufi SAE, ilipanga mwaka 2014 ngazi za magari haya kuanzia 0 hadi 5, na dunia nzima imezifuata. Ngazi ya 2 ndiyo ya Jini: gari linashughulikia kasi na usukani kwa pamoja, lakini dereva ni mtu, kila sekunde, na kinachotokea ni chake. Ngazi ya 3 gari linajiendesha katika hali fulani, na mtu lazima awe tayari kupokea likimwita. Ya 4 halimhitaji mtu, ila ndani ya eneo na hali zilizowekwa tu. Ya 5 ni gari la kwenda popote, mvua na vumbi, usiku na mchana. Hakuna gari la ngazi ya 5 linalouzwa popote duniani.

Meneja alikuwa amekwenda kwenye mafunzo Phoenix, Marekani, na huko alipanda teksi isiyo na mtu kwenye kiti cha dereva. Alinisimulia kwa macho yanayong'aa, na namwelewa. Ni teksi za Waymo, kampuni iliyotokana na mradi ulioanzia Google mwaka 2009. Katika sehemu ya Phoenix walifungulia umma safari zisizo na dereva kabisa Oktoba 2020. Gari lile lina kamera nyingi, lina rada, lina laida inayopima umbali kwa miale ya leza, lina ramani ya mtaa mpaka ukingo wa barabara, na likikwama kuna watu ofisini wanaolisaidia kwa mbali. Hiyo ni ngazi ya 4.

Meneja alirudi Tanga, akakuta gari linalopunguza mwendo lenyewe. Kwa Kiswahili yote mawili tunayaita kwa neno moja, gari linalojiendesha. Mimi sasa, darasani, la ngazi ya 2 naliita gari lenye msaidizi, na mtu akisema linajiendesha namrudisha nyuma aseme upya.

Safari ya kulitafuta gari la kujiendesha kabisa ina tabia moja ambayo ofisi hii iliirudia kwa udogo wake. Mwaka 2004 idara ya utafiti ya jeshi la Marekani, DARPA, iliandaa mashindano kwenye jangwa la Mojave, kilomita 228. Hakuna gari lililomaliza, na lililokwenda mbali zaidi halikufika kilomita 12. Mwaka uliofuata magari matano yalimaliza, na la Chuo Kikuu cha Stanford likashinda kwa kukata kilomita 212 chini ya saa saba. Mtu akiona mruko wa namna hiyo ndani ya miezi 19 ataamini kilichobaki ni kidogo. Mwaka 2019 Elon Musk wa Tesla alisema mwaka unaofuata kungekuwa na teksi zake zaidi ya milioni moja zenye uwezo wa kwenda bila dereva. Mwaka ukapita bila hata moja. Oktoba 2022 Argo AI, kampuni ya magari ya kujiendesha iliyokuwa ikifadhiliwa na Ford na Volkswagen, ilifungwa. Desemba 2024 General Motors iliacha kuifadhili teksi isiyo na dereva ya Cruise, kampuni yake, baada ya gari la kampuni hiyo kumburuta mtembea kwa miguu kama mita 6 huko San Francisco mwaka uliotangulia. Kipande cha mwanzo huonekana chepesi na huisha upesi. Kinachobaki ni yale mambo yasiyotokea kila siku, na hayo hayahesabiki.

Sisemi hivi kuwabeza wanaoitafuta. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo milioni 1.19 vya barabarani kwa mwaka, na zaidi ya tisa katika kila kumi ni katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Mashine isiyolewa wala kusinzia naiombea ifike. Ninachokiogopa ni kuitumia ya leo kana kwamba ya kesho imeshafika.

Mfuatano wa matukio

Miezi mitatu ya mwanzo Jini alifanya kazi yake vizuri. Siku moja karibu na Pongwe daladala ilisimama ghafla mbele yao kuchukua abiria. Mzee alikuwa amegeuza shingo kumjibu Meneja aliyekaa nyuma. Gari likapiga kelele, likafunga breki lenyewe, likasimama likiwa limebakiza urefu wa mkono. Wote wawili walinisimulia tukio hili bila kuulizwa, kila mmoja kwa sauti ya mtu aliyeokolewa. Na waliokolewa kweli.

Mwezi wa Mei Meneja alitoa utaratibu mpya: safari ya Dar es Salaam dereva mmoja, kwenda na kurudi siku moja.

Mwezi wa Julai jiwe lililorushwa na lori lilipasua kioo cha mbele. Gari likapelekwa kwa fundi vioo Ngamiani, kikawekwa kioo kingine cha bei nafuu kuliko cha asili. Lilipowashwa, taa ya njano ikawaka na maandishi ya Kijapani. Fundi akachomoa waya wa betri, akasubiri kidogo, akarudisha, taa ikazimika. Wiki hiyohiyo ofisi iliomba libandikwe tinti juu ya kioo, utepe wenye maandishi ya ofisi. Utepe uliachwa wazi mbele ya kamera ya kushoto, ukaigusa ya kulia kwa ukingo. Baada ya hapo taa ya njano ilikuwa ikija na kuondoka. Mzee alimuuliza fundi, akajibiwa kuwa ni joto. Hakuandika popote, maana daftari la safari halina mahali pa kuandika taa.

Septemba, siku ya ajali, Mzee aliondoka Tanga saa 10 alfajiri. Alifika Dar es Salaam asubuhi, akazunguka ofisi tatu, foleni, jua. Akaanza kurudi saa 7 mchana na ushee akiwa na abiria mmoja aliyelala kiti cha nyuma. Alisimama kula mara moja. Alipokata kulia pale Segera kuja Tanga jua lilikuwa limeshagusa miti.

Jioni yenyewe

Saa 1 kasoro dakika 10, kilomita chache kabla ya Muheza. Giza la kwanza, lile ambalo mbingu bado ina mwanga lakini barabara imeshakuwa nyeusi. Kruzi, yaani kile kitufe cha gari kushika kasi lenyewe, iliwekwa kilomita 80 kwa saa tangu Segera na haikuguswa. Taa za gari zilikuwa za chini kwa sababu lori lilikuwa linakuja kwa mbali.

Mbele, ukingo wa kushoto, mwanamume alikuwa anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, moja kila upande, na la tatu limelazwa juu. Haikuwa na taa wala kiakisi mwanga. Ukitazama kwa nyuma huoni baiskeli na humuoni mtu. Unaona kitu cheusi, kipana, kinachokwenda polepole.

Nilimuuliza Mzee kama alisinzia. Alinyamaza kwa muda.

"Sikusinzia, mwalimu. Ningesinzia ningekwambia, aibu yake ndogo. Nilikiona kitu. Nikatazama dashibodi."

"Dashibodi kwa nini?"

"Kuna kialama cha kijani kinachotokea gari likiona kitu mbele. Nilikuwa namtazama yeye kama ameona."

Kialama hakikutokea. Mzee akarudisha macho barabarani, na mpaka hapo kitu cheusi kilikuwa kimepata miguu. Alikanyaga breki na kukata kulia kwa pamoja. Kona ya mbele ya kushoto ikalipiga gunia moja. Baiskeli ikaruka mtaroni, mtu akaifuata. Mkaa ndio uliopokea pigo kubwa, na naamini ndio uliomwokoa. Muundi wa mguu ulivunjika. Lori lilipita likipiga honi bila kuwagusa.

Mzee alishuka akambeba mwenyewe kwa msaada wa abiria, wakampeleka hospitali, kisha akaenda kituo cha polisi kwa miguu yake.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Ni rahisi kumkalia Meneja kwa utaratibu wa Mei. Mimi nilipoupitia nilikuta umeandikwa kwa akili. Bajeti ilikuwa imepunguzwa, posho za kulala na za dereva wa pili ndizo zilizokuwa zinajirudia kila mwezi, na yeye mwenyewe alikuwa ameona kwa macho yake gari likifunga breki pale ambapo dereva mzoefu kuliko wote alikuwa hatazami. Hoja yake ilikuwa hivi: dereva wa pili alikuwepo kwa ajili ya uchovu, gari sasa linabeba nusu ya kazi, basi uchovu umepungua nusu. Kila kipande cha hoja kinasikika sawa. Kosa liko kwenye neno "kazi". Alihesabu kazi ya mikono na miguu. Kazi inayomchosha dereva wa safari ndefu ni ya macho na akili, na hiyo Jini hakuibeba hata chembe. Aliifanya iwe ngumu zaidi, maana kutazama kitu kinachofanywa na mwingine kwa saa nyingi, ukiwa tayari kuingilia kwa sekunde moja, kunachosha kuliko kukifanya mwenyewe. Mwanasaikolojia Mwingereza Lisanne Bainbridge aliliandika jambo hili mwaka 1983 akizungumzia mitambo ya viwandani: kadiri mashine inavyofanya zaidi, ndivyo kile kidogo kinachobaki kwa mtu kinavyokuwa kigumu.

Mzee naye alikubali utaratibu bila kuupinga. Nilimuuliza sababu. "Mama yule alikuwa ameamini," alisema, "na mimi nilikuwepo pale Pongwe. Ningebisha na nini?"

Kuhusu kioo, uamuzi ulikuwa wa bei tu. Fundi wa Ngamiani hakuambiwa kwamba kamera zile zina kazi. Alidhani ni za kurekodi safari, kama wanazobandika madereva wengine. Simlaumu.

Matokeo

Mwenye baiskeli alikaa na plasta wiki nyingi. Ofisi ililipa matibabu, magunia, baiskeli mpya, na fedha ya nyumbani kwa muda ambao hakufanya kazi. Meneja alikwenda kwake Muheza mwenyewe mara mbili, na taarifa ya ndani aliyoiandika inaanza na uamuzi wake wa Mei, kabla ya kumtaja dereva. Nimesoma taarifa nyingi za ajali za maofisi. Sikumbuki nyingine iliyoanza hivyo.

Gari lilipelekwa Dar es Salaam kwa fundi mwenye kompyuta ya kupimia na ubao wa shabaha. Utepe ukabanduliwa, kioo kikabadilishwa tena, kamera zikapangwa upya. Ukijumlisha, gharama ilizidi posho zote zilizookolewa tangu Mei.

Uchambuzi

Nianze na kioo, kwa kuwa wengi wataishia hapo. Kamera mbili hupima umbali kama macho yetu mawili: kila moja inakiona kitu kwa pembe tofauti kidogo, na tofauti hiyo ndiyo inayogeuzwa kuwa mita. Chukulia kamera ziko sentimita 35 mbalimbali. Kitu kilicho mita 50 mbele kinaleta tofauti ya nyuzi 0.4 tu. Kioo chenye mawimbi kidogo, au kamera iliyosogea unene wa ukucha, inaweza kuimeza tofauti hiyo yote. Kwa gari la namna hii kioo cha mbele ni sehemu ya jicho. Kukibadilisha bila kupima kamera ni kumvisha mtu miwani ya jirani, kisha kumwambia aendeshe.

Lakini sikuridhika kwamba kioo peke yake ndicho kilichokosa. Baada ya matengenezo tuliomba uwanja wa wazi, tukaifunga baiskeli magunia yaliyojazwa majani makavu, tukaivuta kwa kamba, tukalileta gari polepole. Mchana liliitambua, likapiga kelele, likafunga breki. Tulirudia giza la kwanza lilipoingia, taa za chini. Mara mbili tulizojaribu halikuitambua. Kamera zilikuwa nzima, kioo kizuri, betri njema. Hilo ni mojawapo ya masharti ya Jini, lilikuwepo tangu siku alipotoka kiwandani.

Hapa inafaa kukumbuka ajali ya Tempe, Arizona, Machi 2018. Gari la majaribio la Uber, lenye vifaa vingi kuliko Jini mara kadhaa, lilimuua mwanamke aliyekuwa anavuka barabara usiku akisukuma baiskeli yenye mifuko. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walikuta kwamba vifaa vilimwona sekunde 5.6 kabla. Programu ikamwita mara gari, mara kitu kisichojulikana, kisha baiskeli, na kila ilipobadili jina ilisahau mwendo wake na kuanza upya kukisia anakwenda wapi. Tena haikupangiwa kutarajia mtu anayevuka nje ya kivuko. Mwangalizi aliyekaa kwenye usukani alikuwa anatazama simu. Huko mtu akisukuma baiskeli yenye mizigo ni tukio la nadra. Kati ya Segera na Tanga ni kila jioni. Jambo ambalo wahandisi wanaliweka kwenye orodha ya mambo adimu, kwetu ndiyo barabara yenyewe.

Sasa mguu wa Mzee. Hili ndilo lililonifundisha zaidi, na nusura nilipite. Nilimuuliza kama angekuwa anaendesha gari la zamani saa ile, angekuwa kasi gani. Alijibu bila kufikiri: "Sitini. Magharibi ikiingia mguu unapanda wenyewe." Nikakaa nikapiga hesabu. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakata mita 22 kila sekunde. Sekunde moja na nusu ya kushtuka inakula mita 33, breki kwenye lami kavu inakula kama 35, jumla 68. Kwa kilomita 60 hesabu hiyohiyo inatoa mita 45. Taa za chini zinakupa kama mita 50 za kuona vizuri kitu cheusi. Yaani kwa mguu wa Mzee, gari lingesimama kabla ya baiskeli, hata bila kamera. Kwa kruzi, hata dereva ambaye macho yake hayakutoka barabarani asingeweza kusimama.

Hakuna aliyemfundisha Mzee kupunguza magharibi. Ni elimu iliyo mguuni, imekusanywa kwa miaka thelathini, haina kitufe. Kruzi ilipoondoa mguu iliondoa na elimu hiyo, na haikuweka nyingine mahali pake, kwa sababu kamera za gari lile hazikupangiwa kupunguza mwendo kwa ajili ya giza.

Na macho yakafuata mguu. "Namtazama yeye kama ameona." Kwa miezi kadhaa Jini alikuwa ameona kila kitu, na zaidi ya mara moja alikuwa ameona kabla ya Mzee. Taratibu swali la dereva likabadilika kutoka "kuna nini mbele?" likawa "gari linasema kuna nini mbele?" Wanaosema Mzee alizembea hawajakaa na gari la namna hii muda wa kutosha. Aliyezembea hatazami kitu. Yeye alikuwa anatazama, tena kwa bidii, mahali pasipo. Tukio la Pongwe, lile la kuokolewa, ndilo lililomfunza hivyo, na sijui namna ya kumfunza mtu asijifunze kutokana na kuokolewa.

Mwenye baiskeli naye ana neno lake. Nilimkuta amekaa barazani mguu ukiwa juu ya kigoda. Aliniambia aliziona taa za gari zikimulika vichaka mbele yake muda mrefu. "Dereva akikuona huwa anakwambia. Anapiga honi kidogo, au anapungua, unasikia injini. Lile halikupungua. Nikajua yuko mbali bado." Barabara zetu zina mazungumzo yake: honi fupi ya salamu na onyo, taa ya juu na chini, mkono wa utingo. Mtu wa pembeni husikiliza injini ili ajue ameonekana au la. Gari lililoshikilia 80 bila kutetereka lilimdanganya bila kusema neno. Wanaotaka siku moja kuleta gari la kujiendesha kabisa kwenye barabara hii watalazimika kulifundisha mazungumzo hayo pande zote mbili, na sijaona mahali linapofundishwa.

Yaliyofanya kazi yapo. Breki ya dharura ya Pongwe ilikuwa msaada halisi, na ndiyo sababu sikukubaliana na Kijana aliyetaka kamera zing'olewe zote. Mzee, sekunde ya mwisho, alifanya kitu ambacho Jini hawezi: alipima kwa jicho umbali wa lori linalokuja na akaamua kwamba kulia kuna nafasi. Na ukweli wa Meneja ulifanya kila mtu mwingine aseme wake. Bila huo nisingepata habari ya taa ya njano wala ya utepe.

Kilichobadilishwa

Safari ya siku moja ya Dar es Salaam imerudishiwa madereva wawili, na sasa imeandikwa. Breki ya dharura imeachwa ifanye kazi muda wote. Kruzi ni ya mchana tu, na huzimwa kwenye mvua, vumbi, vijijini, na kuanzia saa 11 na nusu jioni. Daftari la safari limeongezwa safu ya taa za dashibodi. Kitabu cha Kijapani kilipigwa picha kurasa zinazohusika, zikafasiriwa, na ukurasa mmoja wa Kiswahili umebandikwa ndani ya droo ya mbele. Kichwa chake alikiandika Mzee kwa mkono wake: MASHARTI YA JINI. Meneja alitaka kukibadilisha kiwe cha kiofisi zaidi, nikamwomba akiache.

Suala moja halijakwisha. Kijana anaona saa 11 na nusu ni mapema mno, kwamba taa za gari ni nzuri na barabara pana. Yeye hana mguu wa Mzee, na hataupata akiendesha Jini kila siku. Nimependekeza kwamba kila mwezi apewe safari mbili za pikapu ya zamani ya ofisi, ile isiyo na kamera wala kruzi, mojawapo irudi Tanga magharibi, Mzee akiwa kiti cha pembeni. Ofisi bado inajadili mafuta yatatoka fungu gani.